Wazazi wa Kigoma na Tabora: kitanda cha mtoto kimewahi kukupa mtihani gani? Tupeane uzoefu

BintiGungu
Wadau, habari za saa hizi. Jana jirani yangu hapa Gungu kaletewa kitanda cha mtoto cha mtumba, kimekuja na mzigo wa treni kutoka Dar. Cheupe, kina magurudumu, ubavu mmoja unateremka ili mama asiiname sana. Kila aliyeingia anasifia. Mimi nilipoushika ule ubavu nikasikia kitasa kinacheza, mwili ukanisisimka, maana dada yangu alikuwa nacho kama hicho. Kitasa cha plastiki cha chini kilikatika bila mtu kujua, ubavu ukabaki umeshikwa na vya juu tu. Kukawa na mwanya kati ya godoro na ubavu. Mtoto akajiviringisha usingizini, kiwiliwili kikateleza kwenye ule mwanya, kichwa kikabaki kimebanwa juu. Pona yake ni kwamba dada alikuwa chumba hichohicho anakunja nguo.

Vitanda vya namna hii Marekani ni marufuku kutengeneza na kuuza tangu 2011, baada ya watoto zaidi ya 30 kufa kwa mbavu hizo kuachia. Nimemwambia jirani, kanijibu mbona huko vilikotoka vimelaza watoto miaka yote. Naomba kila mwenye lake aliseme hapa, nikamsomee.

MamaPacha_Ipuli
Mwangaluka wote. Mtumba usiubebeshe lawama peke yake. Changu kilichongwa hapahapa Tabora, mbao mpya, vanishi inanukia bado. Fundi alibana mbao, akaachanisha zile fito za ubavuni ili zitumike chache. Kwa macho huwezi kusema kuna kosa. Ukiingiza ngumi inapita, lakini nani anaenda kupima kitanda kwa ngumi?

Doto wangu ndiye mtundu. Siku hiyo Kulwa kalala, mimi niko uani nafua, nasikia sauti kama mtoto anakoroma. Naingia, namkuta Doto kapitisha miguu kati ya fito mbili, tumbo limepita, mabega yamepita, ananing'inia kwa nje, kichwa ndicho kilichobaki ndani. Kidevu kimekaa juu ya ubao. Rangi ya midomo imeshabadilika. Baba yake akaja akataka kumvuta, nikampigia kelele asivute! Mama mwenye nyumba wetu, Mungu ampe umri, alimwinua mtoto kwa kumbeba makalio, uzito ukaondoka shingoni, akapumua. Tukamshikilia hivyohivyo mpaka mume akaleta msumeno akakata ule ufito. Kulwa wakati wote huo kalala fofofo.

Mtoto mchanga sehemu yake kubwa kuliko zote ni kichwa. Mwili ukipita, kichwa hakipiti. Hapo ndipo penye hatari yote.

Dogo_Kibirizi
Pole sana mama. Nimesoma mara mbili.

FundiMninga
Mama Pacha pole, ila mafundi msitutie wote kapu moja. Mteja anakuja na picha kwenye simu, anataka kitanda cha mninga kwa pesa ya banzi. Ukimtajia bei anakwenda kwa jirani yako, yule anampunguzia fito na kumpigilia misumari mitupu. Kipimo tunakijua: nafasi kati ya fito na fito iwe sentimita 4 na nusu hadi 6, kopo la soda lisipenye. Na bolti, sio misumari. Msumari ukitingishwa kila siku unatoka wenyewe.

Jambo lingine wateja hawaulizi kabisa ni ubichi wa mbao. Mbao mbichi ikikauka inasinyaa. Kitanda ulichokichukua kimebana vizuri, kikimaliza kiangazi cha hapa Tabora viungo vyote vimelegea na nafasi zimepanuka. Mninga una sifa kwa sababu hausinyai sana, lakini nao ukaushwe kwanza. Ukija karakana uliza mbao imekaa muda gani chini ya kivuli. Fundi akibabaika, ondoka.

MamaPacha_Ipuli
Mimi sikuomba kupunguziwa. Nililipa bei aliyoitaja yeye.

FundiMninga
Basi huyo alikuibia, na alihatarisha mtoto. Hapo sina la kumtetea.

BibiKanyenye
Wajukuu zangu, sisi tulizaa na kulea bila hivyo vitanda. Mtoto analala na mama yake, ananyonya usiku, mama anasikia pumzi yake. Haya mambo ya kumfungia mtoto kwenye tundu la fito ndiyo yanaleta yote haya. Rudini kwenye asili.

Mzawa_Ujiji
Bibi shikamoo. Lakini bibi, hata huko kitandani wapo waliolaliwa. Mtaani kwetu lilitokea, baba alirudi amechoka, amelewa, akajitupa upande aliolala mtoto. Hatukuwahi kulizungumza tena mbele ya yule mama.

BibiKanyenye
Marahaba. Mlevi hata kwenye mkeka mwenyewe ni hatari. Usilinganishe.

NesiMstaafu
Shikamoo bibi yangu. Una haki kwenye moja kubwa: mtoto awe karibu na mama. Wataalamu wa watoto nao wanasema hivyo, alale chumba kimoja na wazazi angalau miezi 6 ya mwanzo, ila juu ya kilalio chake mwenyewe. Kitanda kinasogezwa ubavuni pa kitanda cha mama, anamsikia na anamfikia kwa mkono.

Na humo ndani, jamani, nimezunguka nyumba nyingi kuangalia wazazi, nakuta kitanda kimejazwa kama duka. Mto, mablanketi mawili, mdoli, mataulo yaliyoviringishwa pembeni ili asigonge kichwa. Mtoto mchanga pua yake ikizama kwenye kitu laini hana nguvu ya kugeuza shingo. Toa vyote. Godoro gumu kidogo, lijae kitanda chote, vidole viwili visiingie kati ya godoro na mbao. Shuka moja iliyobana. Umlaze chali, mchana na usiku. Najua mmefundishwa ubavu, au tumbo ili acheue vizuri. Mimi mwenyewe chuoni ndivyo nilivyofundishwa. Uingereza walipoanza kuhimiza chali mwaka 1991, na Marekani 1994, vifo vya watoto vya ghafla usingizini vilipungua zaidi ya nusu. Tumbo ni la mchana, akiwa macho na wewe unamtazama.

BabaKasulu
Nesi, wangu akilazwa chali anashtukashtuka, akilazwa tumbo analala masaa. Mama yangu anasema tumbo ndiyo dawa.

NesiMstaafu
Kule kushtuka kunamlinda, baba. Mtoto anayelala usingizi mzito mno kwa tumbo ndiye anayenitia hofu. Mpe wiki chache, atazoea.

MwanaMwandiga
Naona mnazungumzia fito na vitasa, hamjaitazama sakafu. Niwape ya Mwandiga.

Ilikuwa masika, mvua imenyesha tangu magharibi, umeme hakuna. Shemeji yangu alikuwa na kichanga. Kitanda chake kimewekwa pembeni, kimeegemea ukuta wa nyuma, ule unaopakana na migomba. Mama mkwe wake ni mtu makini kupita kiasi: kila tendegu alilisimamisha ndani ya kopo la maziwa lenye maji, kama tunavyofanya kwa kabati la chakula. Juu chandarua. Ungesema hapo hata sisimizi hafiki.

Usiku mkubwa kuku wakaanza fujo bandani. Tukadhani kicheche. Kaka akatoka na tochi, hakumaliza hata dakika, akarudi anapiga kelele: siafu! Ukuta wote wa nyuma ulikuwa mweusi na unatembea. Na wakati huohuo mtoto akalia. Kilio cha njaa tunakijua sote. Hiki kilikuwa kinaanza, kinakatika, kinaanza, kinakatika.

Mama yake akamulika kwa simu. Yale makopo ya maji hayakuwa na siafu hata mmoja. Walipita kwenye chandarua. Pindo lilikuwa limelala sakafuni upande wa ukutani, wakapanda nalo kama ngazi mpaka wakafika penye tundu lililochanwa na msumari wa kitanda, wakaingia. Walikuwa shingoni, kwapani, kwenye mikunjo ya mapaja, ndani ya nepi. Mmoja alikuwa amening'inia kwenye kope.

Mama mkwe hakusema neno. Alimbeba mtoto hivyohivyo, akakimbia naye mvuani mpaka baraza ya jirani, akamvua nguo zote akaanza kuwang'oa. Siafu ukimvuta, mwili unakatika, kichwa kinabaki kimeng'ata, kwa hiyo kila mmoja ang'olewe kwa kucha, kichwa chenyewe. Sisi tunamulika, mama wa mtoto hawezi hata kusimama. Walimaliza wakati adhana ya alfajiri inaadhiniwa. Tukampeleka zahanati, jicho limevimba limefunga, mwili madoadoa, lakini kifua kizima, pua na masikio hayajaingiwa. Asubuhi tuliporudi siafu wameshahama. Kuku aliyekuwa ameatamia tulikuta mifupa na manyoya.

Yule mtoto sasa yuko darasa la pili. Ila kuanzia siku ile kwetu chandarua cha mtoto kinachomekwa chini ya godoro pande zote nne, hakigusi sakafu, hakigusi ukuta, na kitanda kimeachana na ukuta kiasi cha mtu kupita.

BintiGungu
Subhanallah. Nimenyanyua miguu kwenye kiti.

Dogo_Kibirizi
Kwetu Kibirizi tunamwaga majivu kuzunguka nyumba. Hawavuki.

BabaKasulu
Majivu mvua ikinyesha yanakwisha. Weka oili chafu ya gari kwenye hayo makopo badala ya maji.

Mzawa_Ujiji
Mafuta ya taa ndiyo mwisho wa maneno. Siafu hasogei.

Dogo_Kibirizi
Dawa ni kufuga kuku wengi, si mmeona ndio waliowaamsha?

MwanaMwandiga
Na kweli, tangu hapo banda halijawahi kukaa tupu.

NesiMstaafu
Mafuta ya taa chini ya kitanda cha mtoto HAPANA. Nimepokea watoto wengi waliokunywa mafuta ya taa kwa kudhani ni maji, na yanakwenda kuharibu mapafu. Kichanga hafiki, lakini kaka yake wa miaka miwili anafika. Na mvuke wake usiku kucha chini ya pua ya mtoto?

Mzawa_Ujiji
Sasa nesi, siafu wakiingia utawaambia wasubiri? Wewe uko mjini kwenye sakafu ya vigae.

NesiMstaafu
Niko Isevya, sakafu ya saruji imepasuka, kaka. Maji yanatosha iwapo chandarua na shuka haviburuzi chini. Kopo liwe zito lisipinduke, na maji yamwagwe kila baada ya siku mbili tatu, vinginevyo unafuga mbu. Na mbu ndiye adui yetu mkubwa kuliko siafu. Utafiti wa afya wa 2022 uliikuta Tabora ndiyo inaongoza nchini kwa malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano, asilimia 23. Chandarua chenye dawa mama anapewa kliniki hudhurio la kwanza la ujauzito, na kingine mtoto anapochanjwa surua miezi 9. Visiishie kwenye bustani ya mchicha.

MamaPacha_Ipuli
Hapo kwenye mchicha umegusa watu.

Mke_wa_Mvuvi
Mimi nina swali ambalo naogopa nitasemwa. Mama mkwe alimvalisha mtoto hirizi ya uzi shingoni tangu siku ya arobaini. Usiku ule uzi unajizungusha. Nikiuvua, nyumba haikaliki.

BibiKanyenye
Usiivue. Watoto wana macho ya watu.

Mzawa_Ujiji
Ushirikina huo. Vua tupa.

BibiKanyenye
Wewe ulivalishwa yako, ndiyo maana uko hapa unabishana.

NesiMstaafu
Jamani msigombane juu ya imani ya mtu. Mimi naangalia uzi tu. Kitu chochote cha kuzunguka shingo, iwe hirizi, cheni ya ubatizo, kamba ya nyonyo, kinaweza kunasa kwenye kichwa cha bolti na kumnyonga. Dada, mwombe mama mkwe kwa adabu, ining'inizwe juu ya mlango wa chumba. Nimeona wengi wanakubali wakiombwa vizuri.

Mke_wa_Mvuvi
Asante nesi. Nitamtuma baba watoto aanzishe maneno, mimi nitafuata.

Mkulima_Urambo
Kuna moja hamjaligusa. Huku kwetu Juni na Julai usiku baridi kali, watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani mtoto apate joto, wanafunga madirisha. Mdogo wangu na mkewe waliamshwa na jirani aliyegonga mlango kuomba kiberiti. Baba anayumba, mama anatapika, mtoto kalegea hashtuki. Ule mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, huwezi kujua unavuta nini. Waliwatoa nje, wakakimbizwa hospitali, wakapona wote watatu. Mvalishe mtoto soksi na nguo mbili, jiko libaki nje.

Dogo_Kibirizi
Kumbe kiberiti kiliwaokoa. Duh.

Mke_wa_Mvuvi
Fundi, wangu ameanza kujishika kwenye fito na kupiga magoti. Kitanda kina matundu ya ngazi mbili za chaga. Nishushe lini?

FundiMninga
Shusha leo. Akishaweza kukaa mwenyewe usisubiri asimame. Ukishusha, kaza bolti zote upya kwa spana, kisha kitingishe kwa nguvu kama unataka kukivunja. Kikilia, kuna kiungo hakijashika. Na uangalie ubavuni kama kuna mbao ya kukanyagia au mdoli mkubwa, atavifanya ngazi. Fito ina urefu gani kutoka kwenye godoro hadi juu?

Mke_wa_Mvuvi
Inamfika kifuani akinyanyuliwa.

FundiMninga
Hiyo ni kwa ngazi ya juu. Ukiishusha pima tena, nitumie hapa sentimita ngapi, na uniambie chaga ni mbao au waya.