Mjadala: Grazia wa Lampedusa alistahili kupelekwa Milano kwa nguvu?

Mleta mada:

Wadau, salaam. Filamu ya Kiitaliano Respiro, ya Emanuele Crialese (2002), ina zaidi ya miaka 20 sasa, na bado ukiitaja mbele ya watu wawili walioiona lazima wagombane. Mmoja atakwambia yule mama ni mgonjwa, mwingine atakwambia ni mtu huru aliyezaliwa mahali pabaya.

Kwa ambao hamjaiona: tuko Lampedusa, kisiwa kidogo cha Italia kilicho karibu na Tunisia kuliko na Sicilia. Wanaume ni wavuvi, wanawake wanapanga samaki kiwandani, watoto wa kiume wanashinda juani kwenye mawe wakipigana magenge. Grazia, anayechezwa na Valeria Golino, ni mke wa mvuvi Pietro na mama wa watoto watatu. Saa hii anacheka, saa ijayo amejilaza hataki kusemeshwa. Anaogelea kifua wazi mbele ya wanawe mpaka mkubwa, Pasquale, anamfokea kwa aibu. Anapanda boti ya Wafaransa wawili waliokuja kutalii. Akizidiwa, watu wa nyumbani wanamkamata na kumchoma sindano. Halafu siku moja anawafungulia mbwa wa mitaani waliokuwa wamefungiwa. Mbwa wanamwagika mjini, wanaume wanapanda juu ya mapaa na bunduki, wanawatandika risasi barabarani. Baada ya hapo hakuna tena wa kumtetea: aende Milano, kwa daktari bingwa. Yeye hataki. Pasquale anamficha pangoni, nguo yake inakutwa ufukweni, na kijiji kizima kinaamini amekufa maji.

Swali langu: familia na majirani walikuwa na haki ya kumsafirisha?

Nasema hapana. Na sisemi hivyo kwa sababu naona ni mzima. Kwangu Grazia anaumwa, na wanaomwita "roho huru" wajaribu kwanza kulitazama vizuri lile tukio la sindano, jinsi mwili unavyokakamaa na watoto wanavyoangalia. Ninachokataa ni sababu. Kuugua kwake walikuwa wamekuzoea. Kilichowashinda ni fedheha, na baada yake wale mbwa.

Italia yenyewe iliwahi kuliandika jambo hili kwenye sheria. Sheria ya mwaka 1904 iliruhusu mtu afungiwe hospitali ya vichaa akiwa hatari kwake au kwa wengine, au akiwa ni kashfa hadharani. Kashfa! Mke wa mvuvi akivua nguo ya juu baharini anaingia humo moja kwa moja. Ilichukua mpaka Mei 1978, kwa Sheria namba 180 inayoitwa kwa jina la daktari Franco Basaglia, kuliondoa hilo. Basaglia alishaonyesha njia kwenye hospitali ya vichaa ya Trieste, mji wa kaskazini mwa Italia: mwaka 1973 wagonjwa walitengeneza sanamu kubwa ya farasi wa rangi ya buluu, na sanamu hiyo ilipokataa kupita mlangoni, mlango ukavunjwa wakatoka nayo mjini. Tangu sheria ile, ukitaka kumlaza mtu kwa nguvu lazima daktari apendekeze, wa pili athibitishe, meya atie saini na hakimu aidhinishe, tena kwa siku 7 ambazo zikihitaji kuongezwa zinaombewa upya. Mama mkwe hayumo, jirani mwenye bunduki hayumo.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Dada, kwa heshima zote, unaongea kama mtu ambaye hajawahi kulala nyumba moja na mgonjwa wa namna hiyo. Mimi nimelala. Shangazi yangu alikuwa akiamka usiku wa manane anafungua milango yote na kuondoka, na sisi watoto tulikuwa tunapokezana kulala kizingitini. Pietro ni mvuvi, hashindi nyumbani. Nani abaki naye? Hiyo sheria ya 1978 unayoisifia ilifunga milango ya hospitali kwa haraka kuliko ilivyofungua vituo vya kuwahudumia wagonjwa mitaani, hasa huko kusini mwa Italia, na mzigo ukarudi kwa mama, dada na binti. Halafu watu wa sinema wanakuja kuwaita hao wakatili. Mama mkwe wa Grazia simpendi, ila angalau yeye alikuwepo.

Mchangiaji wa pili:

Mnaipeleka filamu mahakamani. Crialese aliijenga juu ya kisa kinachosimuliwa kisiwani, cha mwanamke aliyetengwa na wenzake, akatoweka, kisha akarudishwa na sala zao. Ndiyo maana Pietro anazamisha sanamu ya Bikira Maria chini ya bahari, na ndiyo maana mwisho kunawashwa mioto ya sikukuu ya San Bartolo, yaani Mtakatifu Bartholomayo. Huo ni muujiza, wakuu. Muujiza hauulizwi saini ya meya.

Mleta mada:

Kaka wa shangazi, pole sana, na uliyoyasema kuhusu kusini ni kweli. Lakini tazama mzigo unamwangukia nani humu ndani. Sifa zote huwa zinakwenda kwenye lile pango, eti ndipo Grazia alipopata uhuru. Uhuru gani? Yuko shimoni, chakula analetewa na mvulana ambaye ndevu hazijaota, na mvulana huyohuyo akirudi nyumbani analazimika kumtazama baba yake akilia na kunyamaza. Ni wewe kizingitini, kaka. Kama Milano ilikuwa kosa, pango nalo si tiba. Ni mtoto kufanya kazi ambayo kisiwa kizima cha watu wazima kiliikimbia. Hicho ndicho kituo cha mtaani unachosema hakikufika.

Na ndugu wa muujiza: sawa, ni hadithi ya kale. Ila sijaridhika na watu wanaojua kukupenda baada ya kuokota nguo yako ufukweni. Wote wale wanaoingia majini mwishoni kumzunguka Grazia walikuwepo pia siku ya mbwa, na sijamsikia hata mmoja akisema tumemkosea.

Tusizunguke sana. Nitajieni sehemu moja, kabla ya pango, ambapo mtu mzima anakaa chini na Grazia na kumuuliza anataka afanyiwe nini, kisha akasubiri jibu. Anayeikumbuka aiweke hapa.