195, 205 au 215? Upana wa tairi unaofaa ringi za inchi 15 za Premio

Msafiri_Kondoa aliandika:

Ndugu wadau, salaam. Ninamiliki Toyota Premio ya mwaka 2008, inayovutwa na magurudumu ya mbele, na bado ina ringi zake za awali za alumini ambazo sina nia ya kuzibadilisha. Nyuma ya mkono mmoja wa ringi pameandikwa 15×6J pamoja na ET45 (umbali kwa milimita kati ya uso wa kufungia ringi na katikati ya upana wake). Matairi ni 195/65R15 (195 ni upana kwa milimita, 15 ni ringi kwa inchi) na yamekaribia kuwa vipara. Duka ninalonunulia limeishiwa saizi hiyo, na muuzaji ameniambia nichague kati ya 205/65R15 na 215/60R15, kwa maelezo kwamba yote yataingia kwa kuwa yote ni namba 15. Safari zangu nyingi ni za Dodoma mjini hadi vijiji vya Kondoa, lami kisha vumbi na makorongo, kwa hiyo kuinuka kidogo kwa gari nisingekukataa. Naomba ulinganisho wa wenye uzoefu.

FundiTairi_Mwanza alijibu:

Mkuu, namba 15 inakuambia tu kwamba mdomo wa tairi utalingana na duara la ringi. Haikuambii chochote kuhusu upana. Kwa upana unatakiwa kutazama ile 6J, yaani inchi 6, takriban milimita 152, na kipimo hicho huchukuliwa kwa ndani, kutoka pale mdomo wa tairi unapokalia upande mmoja hadi upande wa pili. Wateja wengi huweka futi kwenye kingo za nje, wakapata karibu inchi 7, wakanunua tairi pana kuliko ringi inavyostahili.

Watengenezaji hutoa masafa ya upana wa ringi kwa kila saizi. Tairi la 195/65R15 hukubali ringi ya inchi 5.5 hadi 7, la 205/65R15 hukubali 5.5 hadi 7.5, na la 215/60R15 huanzia 6 na kuishia 8. Utaona kwamba muuzaji hakukudanganya, yote matatu yanaruhusiwa, lakini 215 linakaa kwenye ukingo wa chini kabisa wa ruhusa yake. Tairi pana likibanwa na ringi nyembamba, kuta zake huvutwa ndani, uso unaokanyaga barabara hutaka kuvimba katikati, na ukikata kona unahisi usukani umechelewa kidogo kabla gari halijafuata. Isitoshe, upana ulioandikwa ubavuni hupimwa juu ya ringi maalumu, ambayo kwa 215/60 ni ya inchi 6.5, na kila nusu inchi unayopunguza hupunguza upana wa tairi kwa takriban milimita 5. Kwa maneno mengine, utalipia 215 na usiipate yote.

Kosa la kinyume chake, tairi jembamba kwenye ringi pana, kwangu ni baya zaidi, kwa sababu kingo za ringi hubaki wazi na shimo moja la barabarani linaweza kuling'oa tairi kwenye kikalio chake. Wewe hilo halikuhusu.

Hesabu_Nairobi alijibu:

Naongezea upande wa kimo, maana 65 na 60 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana, wala si milimita. Tairi lako la sasa lina kipenyo cha milimita 634.5. Lile la 205/65 lina 647.5, ambayo ni ongezeko la asilimia 2 hivi, na la 215/60 lina 639, chini ya asilimia moja. Ukifunga 205/65, spidomita iliyokuwa ikisema kweli itasoma 100 huku gari likienda 102, na kilomita zitahesabiwa pungufu kwa kiwango hichohicho. Hilo linavumilika. Ila kuhusu kuinuka, ndugu yangu, nusu tu ya tofauti ya kipenyo ndiyo inayokwenda chini ya gari, yaani milimita 6.5, unene wa penseli. Kwenye korongo la Kondoa sidhani kama utaiona.

MamaWawili_Kigamboni alijibu:

Mimi nilifunga 205/65 kwenye gari la aina hiyohiyo, ringi hizohizo. Nikiwa peke yangu sikusikia lolote kwa miezi kadhaa. Tulipopakia watu watano na mizigo, kila tuta lilitoa sauti ya mkwaruzo nyuma, na fundi alipofungua akakuta plastiki ya ndani ya madigadi imelika. Baadaye ilionekana koili za nyuma zilikuwa zimechoka, kwa hiyo sitalilaumu tairi peke yake, lakini ushauri wangu ni kwamba kukubaliana na ringi ni jambo moja na kukubaliana na gari ni jingine. Tairi likiongezeka milimita 10, kwa ringi ileile takriban 5 huenda nje na 5 huenda ndani, kuelekea shokapu. Pima hapo kwanza, kisha kata usukani mpaka mwisho pande zote mbili.

Mkongwe_wa_Lami alijibu:

Nimetembelea 215/60 kwa miaka mitatu bila tatizo, na gari limetulia vizuri kwenye lami. Naona mnamtisha mwenzetu bure.

FundiTairi_Mwanza alijibu:

Mzee wangu, sikatai kwamba kwenye lami kavu linatulia. Lakini tairi pana hutawanya uzito wa gari juu ya eneo pana, na maji yakisimama barabarani huanza kuelea mapema kuliko jembamba lenye kashata (michoro ya uso wa tairi) za kina sawa. Usukani nao huongezeka uzito. Kwa mtu wa Kondoa, mwenye vumbi na mvua za msimu, sioni faida anayoinunua.

Ubavu_wa_Tairi alijibu:

Hakuna aliyegusa namba inayofuata saizi. Tairi la 195/65R15 kwa kawaida huandikwa 91, maana yake tairi moja linaweza kubeba hadi kilo 615. 94 ni kilo 670. Usishuke chini ya 91, hata kama saizi ni pana. Tazama pia tarakimu nne za mwisho wa maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi, zinazoonyesha lilitengenezwa lini: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na nimeona matairi ya mtumba yanayong'aa kumbe yametoka kiwandani zaidi ya miaka kumi iliyopita. Na kwa wenye Subaru au Premio za magurudumu yote manne wanaosoma hapa: kwenu saizi mbili tofauti mbele na nyuma zitaua difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) au kapulingi yake, hivyo msinunue mawili mawili.

Msafiri_Kondoa aliandika:

Nashukuru sana. Leo nimemwomba muuzaji anifungie 205/65 moja kwa majaribio, mbele kisha nyuma. Mbele kidole kinapita baina ya tairi na shokapu, na usukani unakata wote. Nyuma, vijana wanne wa dukani walipoketi kwenye kiti na ndani ya buti, nafasi ya juu ilibaki chini ya vidole viwili, na sijafika kwenye tuta bado. Nimelirudisha. Duka jingine litapokea 195/65 zenye 91 juma lijalo, nami nitasubiri. Faida ya pembeni ni kwamba tairi langu la akiba litabaki saizi moja na mengine.

FundiTairi_Mwanza alijibu:

Vema. Upepo jaza kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, tairi likiwa halijapata moto, na nati zikazwe tena baada ya kilomita mia hivi.