Naomba ushauri: GPX 5000 niendelee nayo au nihamie GPZ 7000?

Wakuu, niko Chunya, nasaka dhahabu kwa GPX 5000, mashine ya kugundua metali ardhini, niliyonunua mkononi. Juzi nilifukia kipande cha gramu 2 kwenye udongo mwekundu. Kina cha shubiri moja inalia vizuri. Nikaongeza vidole vinne, kimya, masikioni ni mngurumo wa ardhi tu. Jamaa yangu akapitisha GPZ 7000 palepale, ikalia. Ila sijaridhika na jaribio lenyewe, maana udongo uliofukuliwa si sawa na uliotulia miaka.

Sasa nibadili koili tu (ile sahani ya chini inayopitishwa juu ya ardhi), niweke ya inchi 18, au niuze ng'ombe ninunue hiyo ya kisasa? Koili kubwa naogopa itaniachia punje ndogo, na hizo ndizo zinazonilisha. Aliyetumia zote mbili kwenye ardhi yenye chuma kingi anijuze.