Mpini wa kisu cha kiwandani: nitumie mninga au mpingo?

Kijana wa Ujiji
Habari za jioni wakuu. Nina visu viwili nataka kuvitengeneza upya kwa mkono, taratibu, nikishatoka kazini. Cha kwanza ni Opinel namba 8, kile cha kukunja cha Ufaransa chenye alama ya mkono na taji. Ni cha chuma kinachoshika kutu. Masika haya mpini umevimba kwa unyevu wa ziwa, bapa halichomoki mpaka nilivute kwa koleo. Cha pili ni cha jikoni, chuma chake kinafika hadi kitakoni na kina matundu matatu, ila mpini wa plastiki umepasuka. Seremala wa jirani kanipa vipande vya mninga na kimoja cha mpingo.

Naomba ushauri. Nitumie mbao ipi? Bapa niling'arishe kwa grinda liwe kama kioo, au nilitie weusi kwa siki kama wanavyofanya kwenye video? Na mpini niupake nini? Huku mawese hayatupigi chenga, kama yanafaa nitafurahi.

Mzee wa Ng'ambo, Tabora
Mwangaluka mwanangu. Nimefanya kazi karakana ya reli hapa Tabora mpaka nikastaafu, na visu nimevipenda tangu ujana. Nitakujibu kirefu kwa sababu naona umeuliza kwa nia.

Grinda weka mbali. Hicho kisu kimeshapikwa kiwandani: chuma kilichomwa kikawa chekundu, kikazamishwa ghafla kikawa kigumu, kisha kikapashwa tena kwa joto la kama nyuzi 200 ili kisivunjike kama kigae. Ugumu wake wote unatokana na hatua hizo. Ukikigusisha grinda, sehemu nyembamba ya makali inapita joto hilo kabla hujavuta pumzi. Utaona rangi zikipanda, manjano kama majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau, halafu buluu, na buluu ni karibu nyuzi 300. Rangi hiyo utaifuta kwa msasa, ila ugumu ulioondoka haurudi, na hapo kwenye buluu utanoa asubuhi na jioni kitakuwa butu. Kazi ya bapa ifanye kwa msasa, maji na mkono.

Tena usianze na kung'arisha. Anza pale mkono unapogusa. Shika kisu chako cha jikoni kama unakata kitunguu, kidole cha shahada kikae juu ya mgongo wa bapa. Utasikia kona mbili kali zinakuuma. Viwanda vingi huziacha hivyo kwa sababu kuzilainisha kunakula muda. Funga makali kwa kitambaa kinene na utepe wa karatasi wenye gundi, bana kisu kwenye jiliwa katikati ya vibao viwili, mgongo ukiwa juu. Kata msasa namba 240 uwe utepe mwembamba, loweka, uvute huku na huku juu ya mgongo kama mng'arisha viatu anavyovuta kitambaa. Kona zikishapotea, rudia kwa 400, umalizie kwa 800. Fanya vivyo hivyo nyuma ya makali, pale bapa linapoishia karibu na mpini. Ukimpa mtu kisu hicho na kingine ambacho hakijaguswa, afumbe macho, atakwambia kipi ni kipi. Mimi kwangu hiyo ndiyo kazi yenyewe, mbao nzuri inafuata.

Sasa mbao. Kwa kisu cha jikoni chukua mninga. Umekauka vizuri hauhangaiki na unyevu, hauvimbi wala kusinyaa sana, na unakubali tupa. Mpingo ni mti wa heshima lakini ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, kwa hiyo kisu chepesi kitaelemea nyuma. Una mafuta ndani, gundi haiushiki mpaka uupanguse kwanza kwa spiriti, na vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Vumbi la mninga nalo si la kuvuta. Vaa barakoa, fanyia kazi nje, upepo ukupige mgongoni.

Kwenye kuunga, sikiliza hapa. Vipande viwili vya mbao lazima vikae juu ya chuma bila mwanga kupita. Weka msasa juu ya kioo cha dirisha, usugue uso wa ndani wa kila kipande mpaka ulale bapa kabisa. Toboa kipande kimoja kwanza ukitumia matundu ya chuma kama kielelezo, kitie pini za muda, ndipo ugeuze utoboe cha pili. Kabla hujatia gundi, maliza kabisa ncha za mbele za vipande, zile zinazotazama bapa: mviringo wake, msasa wake, mafuta yake. Ukishagundisha hutaweza kuzifikia bila kuchubua bapa. Kwa mtu anayejua visu, hapo ndipo pa kwanza anapotazama.

Gundi tumia Araldite ya mirija miwili. Parua chuma kwa msasa wa namba 80, pangusa kwa spiriti, paka pande zote, bana kwa kiasi. Ukibana kwa nguvu zako zote gundi yote inatoka nje na mbao inabaki kavu. Ile inayochuruzikia kwenye bapa ifute papo hapo kwa pamba na spiriti, kesho haitatoka. Acha mpaka kesho yake ndipo uingize tupa.

Mawese hapana. Ni mafuta matamu kwa maharage lakini hayakauki, yatabaki yananata na mwisho yatachacha. Unataka mafuta yanayoganda yenyewe kwa hewa, yaani mafuta ya linsidi, wanauza maduka ya rangi. Paka kidogo, subiri kama robo saa, futa yote yaliyobaki juu, acha yakauke, rudia. Ukisharidhika, pitisha nta ya nyuki, na kwa nta sisi watu wa Tabora hatuna shida. Jambo moja la hatari: kitambaa chenye linsidi usikikunje ukakitupa pembeni. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka moto chenyewe. Kianike kimenyooka nje au kiloweke kwenye maji.

Hiyo Opinel usiibadilishe mpini bado. Wafaransa wa Savoie, kinakotengenezwa tangu 1890, mbao ikivimba huzungusha pete ifunguke, kisha hugonga kitako cha mpini kwenye meza na bapa huchomoza lenyewe. Koleo liache, linaumiza bapa. Kikaushe siku kadhaa mahali penye hewa, si juani. Kunja msasa laini juu ya karatasi ngumu, uparue kidogo ndani ya ule mfereji, kisha yeyusha nta uingize humo. Siki unaweza kutumia kwenye Opinel kwa sababu chuma chake kinakubali. Ioshe kwa sabuni mafuta yatoke kwanza. Weusi huo unapunguza kutu, hauizuii kabisa, kwa hiyo kukausha kupo palepale. Kama cha jikoni hakishiki kutu, siki haitafanya kitu.

Mama Migebuka, Kibirizi
Shikamoo mzee. Umeeleza vizuri, naomba niongeze kwa upande wetu tunaopasua samaki kila siku. Mwanangu wa Ujiji, usiung'arishe mpini ukateleza. Mkono ukiwa na utelezi wa mgebuka, mpini wa kung'aa unakimbia na kidole kinaingia kwenye makali. Changu nilimwambia fundi asiulainishe sana, na mbele achonge kanundu kadogo ka kuzuia kidole, nyuma ateremshe kitako kidogo. Nashika kutwa nzima mkono hauchoki. Na siki usihangaike nayo: kata samaki, kamua ndimu, chuma kitakuwa cheusi chenyewe. Ukimaliza osha, futa, tundika. Kisu cha mpini wa mbao hakilali kwenye ndoo.

Mzee wa Ng'ambo, Tabora
Marahaba mama. Hapo umesema kweli na mimi nakufuata. Kijana, kama ni kisu cha samaki ishia msasa namba 240. Lowesha mbao kwa kitambaa chenye maji, nyuzi zitasimama, ikikauka pitisha tena 240 kidogo, ndipo upake mafuta. Itakuwa laini kwenye kiganja ila haitelezi. Hicho kinundu cha mbele kipimie mkono wako kwa udongo wa mfinyanzi kabla hujagusa mbao. Finyanga, shika, rekebisha, kisha chonga ukikitazama.

Kijana wa Ujiji
Asanteni sana mzee na mama. Nimegonga Opinel kwenye meza kama ulivyosema na bapa limechomoza! Swali la mwisho: pini za kupitisha kwenye matundu nitoe wapi? Madukani huku nimekuta misumari tu.

Mzee wa Ng'ambo, Tabora
Misumari itashika kutu ndani ya mbao na kuipasua. Nenda kwa mafundi wa kuchomelea au wa rejeta, omba kijiti cha shaba ya njano wanachounganishia. Huwa ni vya milimita 2 hadi 3 hivi. Nenda na kisu upime kwenye matundu, kijiti kiingie kwa kubanwa kidogo bila kupigwa nyundo. Parua kijiti kwa msasa kabla ya gundi. Gundi ikishakauka kata kwa msumeno wa chuma, bakiza kidogo juu ya mbao, malizia kwa tupa, ukipumzika kila mara. Shaba inapata moto haraka, na moto huo ukishuka ndani unaunguza gundi bila wewe kuona.