Gesi ya Mtwara ipo, mbona mtungi bado bei mbaya?

kijana_wa_mbagala:
Wakuu habari za jioni. Naomba kuelimishwa hapa, maana kila siku naambiwa nchi yetu ina gesi kibao, Songo Songo ipo, Mnazi Bay ipo, bomba limelazwa toka Mtwara mpaka Dar kilomita 500 na ushee, halafu nikienda kubadilisha mtungi wa kilo 15 natoa elfu hamsini na kitu. Hapo hapo serikali inasema mpaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapikia nishati safi. Wife kakata shauri karudi kwenye mkaa, anasema gesi ni ya chai tu. Hii gesi yetu inaenda wapi, au ndo tunauziwa mali yetu wenyewe?

fundi_mabomba:
Mkuu hizo ni gesi mbili tofauti, ila watu wengi wanazichanganya na wanasiasa hawana haraka ya kuwaweka sawa. Ya Songo Songo na Mnazi Bay kwa sehemu kubwa sana ni methane. Ya kwenye mtungi wako ni propane na butane, inaagizwa nje, inakuja na meli, ndo maana dola ikipanda na wewe unaisikia jikoni. Ya mtungi ukiibana kidogo tu inakuwa maji maji, inakaa kwenye bati jepesi unabeba begani. Methane haigeuki hivyo, kuiweka kwenye chombo lazima uisindilie kwa presha kubwa mno, kama ile mitungi mizito wanayofunga kwenye bajaji na magari. Sasa nani atakaa na dude lile chini ya meza ya jikoni? Ili upikie ya Mtwara inabidi bomba lifike mlangoni kwako. Kuna nyumba za Mikocheni zimeunganishwa, ila kuchimba mitaro Mbagala nyumba kwa nyumba, hapo ni hela. Kwa sasa nyingi inachomwa kuzalisha umeme na nyingine inaenda viwandani.

mmakonde_halisi:
Na sisi tuliopo Mtwara mseme nini? 2013 watu walikula virungu kwa kulipinga hilo bomba. Mjini kuna nyumba zimeunganishwa kweli, sikatai, ila mtaani kwangu asubuhi ni moshi wa kuni kama kawa. Endeleeni kulalamika huko Dar.

mama_lishe_tandika:
Mi nipo kwenye biashara ya chakula naomba niseme ukweli ambao hamuusemi. Shida siyo bei ya gesi, ukipiga hesabu ya mwezi mzima mkaa unakula hela sawa sawa au zaidi. Shida ni kwamba mkaa nanunua kopo. Nikiuza nina buku nanunua kopo, nikikosa naazima kwa jirani. Gesi inataka elfu hamsini siku moja, na inaisha bila hodi, maharage yapo jikoni yamechemka nusu na mfukoni huna kitu. Ile mitungi midogo ya kilo 6 inayotolewa kwa ruzuku nayo ni hivyo hivyo, ikishaisha wengi wanaikalia kama kigoda. Kuna kampuni zinafunga mita kwenye mtungi unalipia kwa simu kidogo kidogo, hiyo ndo ingetapakaa kila mtaa watu wangeacha mkaa bila hata kuhimizwa. Serikali kukataza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 wasitumie kuni na mkaa sawa, ila mkaa wa mjini unaliwa majumbani.

mtu_wa_luku:
Mbona wote mmeruka umeme? Bwawa la Nyerere megawati 2,115 pale Rufiji, umeme upo. Nunua jiko la presha la umeme, la wati 1,000. Likiwaka saa nzima mfululizo ndo uniti moja, na haliwaki mfululizo, likishapata presha linajizima lenyewe linawaka kwa vipindi. Maharage hayamalizi uniti. Chapati na ugali bakia na gesi yako.

mama_lishe_tandika:
@mtu_wa_luku wewe unaishi kwako. Sisi nyumba ya kupanga luku moja wapangaji sita, siku ukiwasha hilo jiko mwenye nyumba anagonga mlango, na ugomvi wa kuchangia umeme hauishi mpaka unahama.

mtu_wa_luku:
Hapo umenikamata dada. Na kuna kingine, walio tarifu ya D1, ile bei nafuu ya watumiaji wadogo wa majumbani, uniti 75 za mwanzo kwa mwezi ni shilingi 100 kabla ya kodi, ukivuka zile za juu zinapigwa 350. Yaani mtu akiamua kupikia umeme ndo anaadhibiwa. Wangeanza kurekebisha hapo kabla ya mabango.

kijana_wa_mbagala:
Asanteni wakuu, fundi nimekuelewa kabisa. Sasa hiyo D1 inafuata mtu au mita? Maana sisi tunahamia chumba chenye luku yake mwezi ujao.

fundi_mabomba:
Inafuata mita. Muulize mwenye nyumba ipo tarifu gani kabla hujalipa kodi ya miezi sita.