Mrejesho: kupunguza wanga, nikiwa Wete

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niliuliza vipi mtu wa Pemba atapunguza wanga ilhali chakula chetu ni wali, muhogo na mkate wa boflo. Ahsanteni sana, naendelea vizuri.

Kilichonifungua macho ni hesabu: gramu 100 za wali uliopikwa zina wanga kama gramu 28, muhogo wa kuchemsha unazidi hapo, samaki hana kabisa. Basi sahani nimeigeuza. Changu wa kupaka, tui zito lenye ndimu na pilipili, mchicha nusu sahani, wali vijiko viwili tu. Nashiba mpaka alasiri.

Mwanzoni kichwa kiliniuma. Wanga ukipungua, mwili hutoa maji na chumvi nyingi. Supu ya samaki ilinituliza. Na ule uzito unaoshuka haraka mwanzoni, sehemu kubwa ni maji hayo.

Pagumu ni kwenye shughuli, maana biriani la watu halikataliwi. Nakula nyama na kachumbari, wali kidogo kwa heshima ya mwenyeji.

Dada uliyeuliza kama mama yako mwenye kisukari naye apunguze wanga: kama anachoma insulini, aonane na daktari kwanza. Dozi ileile kwa wanga mchache inaweza kumshusha sukari ghafla.