Kuna mtu anaujua mji wa Noda, Japani? Mdogo wangu anaenda kusoma huko

MwanaNyegezi

Wadau mwangaluka. Mdogo wangu wa kiume kapata skolashipu ya kusoma masters Japani, chuo kinaitwa Tokyo University of Science, ila barua inasema kampasi yake iko mji unaitwa Noda, mkoa wa Chiba, nje kidogo ya Tokyo. Mama hana amani kabisa, kila jioni ananiuliza huko Noda ni kijijini au mjini, watu wanakula nini, baridi ikoje, na mimi sina la kumjibu.

Kilichonivuta mimi mwenyewe ni kwamba nimesoma kuwa Noda ndo kwao soya sosi, ile ya Kikkoman. Kazi yangu ni dagaa, nanunua pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza nasafirisha mikoani, kwahiyo nikisikia mji mzima umesimama kwa ajili ya kitu cha jikoni natamani kujua ilikuwaje. Hivi ni mji wa watu kulala tu, kama Kisesa au Buhongwa huku pembezoni mwa Mwanza, asubuhi daladala zote zimejaa zinaelekea mjini, au una uhai wake? Mwenye kuujua atusaidie.

Mhandisi_Igoma

Hongereni sana familia nzima, na mwambie mama alale usingizi. Mimi nilisoma mkoa huohuo wa Chiba na Noda nilikuwa naenda sana maana nilikuwa na rafiki kwenye hiyohiyo kampasi.

Kijiji sio, jiji pia sio. Una watu kama laki moja na nusu, uko kama kilomita 30 kutoka katikati ya Tokyo, ardhi tambarare kabisa, mtu aliyezoea mawe na vilima vya Mwanza kule haoni pa kupanda. Umebanwa na mito miwili, Tone na Edo, inaachana kule kaskazini sehemu ya Sekiyado ambayo iliunganishwa na Noda mwaka 2003. Upande wa kusini kuna mfereji uliochimbwa kuikutanisha tena hiyo mito, ulifunguliwa 1890, na kampasi ya mdogo wako iko jirani na huo mfereji, stesheni ya kushuka inaitwa Unga. Majira ya joto kuna joto zito la unyevunyevu, baridi inaanza Desemba na usiku inashuka mpaka maji yanaganda nje, aende na pesa ya kununua koti kulekule, makoti ya huku hayatoshi.

Swali la Kisesa na Buhongwa nalijibu hivi: kweli wako wengi wanaolala Noda na kufanya kazi Tokyo, asubuhi stesheni zinajaa, na treni yenyewe haiendi Tokyo moja kwa moja, mpaka ubadilishe Kashiwa au Nagareyama, kama lisaa limoja hivi njiani na wengine zaidi. Lakini ukiuita mji wa kulala tu utakuwa umeuonea. Shuka stesheni ya Noda-shi uone, harufu ya sosi inakupokea hapohapo, nzito, ya chumvi na kitu kama ngano iliyokaangwa, kiwanda kiko pua na mdomo na stesheni. Kampuni imekua mpaka imefungua kiwanda Marekani kwenye jimbo la Wisconsin mwaka 1973, ila makao yake makuu mpaka leo yameandikishwa Noda, japo ofisi nyingine kubwa iko Tokyo. Kuna hospitali pale mjini ina jina la kampuni, mwanzo wake ni 1914. Maji ya bomba ya mji nayo yalianzishwa na hao watu wa sosi kabla halmashauri haijachukua.

Halafu hiyo treni sasa, hapa ndo naomba msome taratibu. Ile njia ya reli inayobeba wafanyakazi leo ilifunguliwa 1911 kati ya Kashiwa na Noda kwa sababu ya sosi. Mkoa ndo uliijenga, lakini pesa ulikopa, na walioukopesha kwa kununua hatifungani za mkoa walikuwa umoja wa watengeneza sosi wa Noda wenyewe. Yani wafanyabiashara wa chakula hawakukaa kusubiri serikali iwaletee barabara. Mimi kila nikipita Mwaloni msimu wa mvua nikaona malori yalivyokwama kwenye tope nakumbuka hiyo habari.

kijana_Ilemela

Mkuu Mhandisi asante sana, sasa tueleze hiyo sosi inatengenezwaje, maana mimi najua ni maji meusi ya chumvi ya kwenye chipsi na wali wa Kichina. Na mimi ni Muislamu, nimesikia ina pombe ndani, mdogo wake mleta mada kama ni Muislamu pia atakulaje huko?

Mhandisi_Igoma

Vitu ni vinne tu, soya, ngano, chumvi na maji. Soya inapikwa kwa mvuke, ngano inakaangwa na kupondwapondwa, wanachanganya wanapandikiza ukungu wao maalumu, inakaa kama siku tatu kwenye chumba chenye joto na unyevu mpaka ukungu unashika kila punje, hiyo sasa ndo wanaita koji. Baada ya hapo inatiwa kwenye maji ya chumvi, inakuwa uji mzito unaoitwa moromi, unaachwa uchachuke miezi, sosi ya kawaida kama sita hivi. Zamani ilikuwa mapipa makubwa ya mbao na ilikaa mwaka au zaidi. Mwisho wanaukamua ule uji kwenye vitambaa, taratibu sana, inayotoka inapashwa moto ndo inatiwa kwenye chupa. Ule weusi sio rangi ya kutia, unajitengeneza wenyewe mle ndani wakati wa kuchachuka. Na makapi hayatupwi, yanaenda kwenye chakula cha mifugo.

Kuhusu pombe ni kweli, hamira inayofanya kazi kwenye moromi inazaa pombe kidogo yenyewe, asilimia 2 au zaidi kidogo, hawaiongezi ila inatokea. Hukumu yake aulize masheikh, mimi sio wa kusema, ila sosi zenye cheti cha halali zipo sokoni Japani, na vyuo vingi siku hizi vina Waislamu kutoka Indonesia na Malaysia, hao watamwelekeza duka na msikiti ndani ya wiki ya kwanza.

Ukitaka kuona kwa macho kiwanda kina sehemu ya wageni, wanakutembeza wanakuonyesha. Kuna na jengo la kizamani lilijengwa 1939 kwa ajili ya sosi ya familia ya mfalme wao, baadaye wakalihamishia ndani ya eneo la kiwanda, mle bado wanatumia mapipa ya mbao. Mdogo wako asikose kwenda.

Mwalimu_Magu

Naomba niongeze upande wa historia kwa sababu miji ya namna hii ndo ninayoipenda kufundisha, na Noda haikuanza na kampuni, ilianza na familia. Mwaka 1661 familia ya Takanashi ilianza kupika sosi pale, ukoo wa Mogi ukaingia baadaye. Kwanini Noda na sio pengine? Angalieni ramani. Soya na ngano zililimwa kwenye tambarare za jirani, chumvi ilitoka ghuba ya Edo ikapandishwa kwa mto, na sosi ikashushwa kwa mto huohuo mpaka Edo, ambayo ndo Tokyo ya leo, mji uliokuwa na watu wengi mno wanaokula kila siku. Mto ulikuwa ndo barabara yao, kama ziwa lilivyokuwa kwetu kabla ya lami, Ukerewe mpaka Mwanza mzigo unapita majini.

Sasa familia zikawa nyingi, kila moja na nembo yake, zinashindana bei, zinaumizana. Mwaka 1917 familia nane zikakaa zikaungana kuwa kampuni moja. Jina la Kikkoman lilikuwa la nembo ya mojawapo tu, baadaye ndo likawa la wote. Na wakajiwekea utaratibu unaosemwa mpaka leo kwamba kila familia inaingiza mtu mmoja tu kwenye kampuni kwa kila kizazi, na hapewi cheo kwa sababu ya ukoo. Ninyi mnaofanya biashara na ndugu zenu mnajua hilo ni jambo gumu kiasi gani.

Lakini jamani tusiwapambe tu. Septemba 1927 wafanyakazi wa hiyohiyo kampuni waligoma, wakagoma siku 218, mpaka Aprili 1928, ni katika migomo mirefu kuliko yote Japani kabla ya vita. Watu walifukuzwa mamia kwa mamia. Mji mdogo, kila nyumba ina mtu kiwandani, fikiria majirani walivyokuwa wanatazamana. Baada ya hapo ndo kampuni ikajitahidi kuwa karibu na watu, 1929 ikajenga ukumbi wa mji ambao upo mpaka sasa. Kwa hiyo Mhandisi akisema hospitali na maji, ni kweli, ila kuna watu walilipia kwa njaa ya miezi saba, na mimi wanafunzi wangu siwafichi hilo. Mwaka huohuo mgomo ulipoisha, 1928, reli ndo ilikuwa inafika Mwanza kutoka Tabora, nayo waliijenga wakiwaza pamba, na sisi tuliolima hiyo pamba hatukuulizwa kitu.

Mama_Dagaa_Kirumba

Wanangu hamjambo. Mimi nipo Mwaloni miaka mingi, nimesoma yote niliyosomewa na mjukuu wangu na kuna kitu nataka kuuliza. Hao watu wanachachusha soya kwa chumvi inakuwa chakula cha dunia nzima, sisi mvua ikinyesha siku mbili dagaa wakiwa juani wanaoza, tunauza kwa wenye kuku kwa bei ya kutupa, mtaji wa mtu umeisha hivyohivyo, ameacha watoto nyumbani ameenda kukopa vikoba kununua mzigo. Hakuna namna dagaa mbichi wakatiwa chumvi wakawa kitu kingine? Nauliza kwa dhati maana mvua zikianza roho zinakuwa juujuu.

MwanaNyegezi

Shikamoo mama. Asante kwa kuuliza hilo, mimi pia ndo linanizunguka kichwani tangu nisome comenti ya Mhandisi.

Mhandisi_Igoma

Shikamoo mama. Namna ipo, na hata Japani ipo. Mkoa wa Akita wana sosi ya samaki inaitwa shottsuru, na rasi ya Noto wana yao inaitwa ishiru ya dagaa wa baharini au ngisi. Thailand na Vietnam ndo wamefanya biashara kubwa zaidi. Samaki wadogo wabichi, sehemu tatu kwa moja ya chumvi, kwenye pipa lililofunikwa vizuri, miezi mingi mpaka mwaka, wanayeyuka wenyewe inatoka maji ya rangi ya asali wanachuja. Haihitaji jua, ndo uzuri wake kwa swali lako.

Ila nakuambia ukweli mama, mambo mawili ni mazito. La kwanza usafi na kipimo, chumvi ikipungua hiyo sio sosi tena ni sumu, kwahiyo mtu asijaribu kwa kukisia halafu akauza. Aanze na watu wa utafiti wa samaki, TAFIRI wana kituo hapa Mwanza, na mwisho TBS, wale wa viwango vya ubora. La pili ni nani atanunua, walaji wetu wanapenda dagaa mkavu anayeonekana kwenye sahani, sosi ya samaki harufu yake kali hawajaizoea. Soko lingekuwa hoteli na Waasia waliopo mijini kwanza. Na ni mwaka mzima pesa imelala kwenye pipa, mama wa vikoba hawezi peke yake, hapo ndo inarudi kwenye habari ya familia nane za Mwalimu.

Mama_Dagaa_Kirumba

Nimekuelewa mwanangu. Mwaka ni mrefu lakini mzigo wa kutupa tunao kila masika, hauna gharama. Sisi tupo kikundi pale, wanawake watupu, nitawaambia. Na Mwanza hii tuna michembe na matobolwa, bibi zetu walikuwa wanakausha viazi vinakaa mpaka msimu mwingine, kwahiyo kungoja chakula tunajua.

kijana_Ilemela

Mama heshima yako. Mimi rafiki yangu anasoma mambo ya uvuvi pale Nyegezi, nitamuuliza kama chuoni kwao walishawahi kufanya hilo jaribio.

MwanaNyegezi

Wabeja sana wote. Mama nimemsomea, ameuliza moja tu, wali upo? Na chumba atapata wapi.

Mhandisi_Igoma

Wali ndo ugali wao, na mashamba ya mpunga yako hapohapo Noda, kuna mengine wamepunguza dawa kwa sababu mji unafuga korongo weupe, wameanza kuwaachia porini 2015. Halafu Noda inasifika kwa edamame, soya inayovunwa ikiwa mbichi wanachemsha na maganda yake na chumvi, mtu wa Usukumani anayekula karanga za kuchemsha atazipenda siku hiyohiyo. Chumba aanze kwa kuuliza bweni la chuo, ikishindikana apange karibu na Unga sio Kashiwa, Kashiwa kodi iko juu kidogo. Na anunue baiskeli wiki ya kwanza, mji hauna mlima. Akishapata tarehe ya safari nipe taarifa, nina watu wawili watatu bado wako Chiba nitawaunganisha naye.